Turubai Jeusi la Ngazi ya Tatu

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani, na ninyi mliosimama ukutani kwa kukosa viti, familia imempa mdogo wa marehemu kazi ya kuyasoma maisha ya kaka yake, na mdogo mtu huyo, ambaye shule yake iliishia darasa la saba na yaliyobaki ameyapata kwa kukaa kanisani, anawaomba mumvumilie pale ulimi utakapoteleza.

Wengi mmeuliza tangu asubuhi kwa nini udongo wa kaburi haukurundikwa pembeni, bali umetandazwa mwembamba juani kama nafaka inayoanikwa, na kwa nini mazishi yamesogezwa mpaka jua lipande, na jibu lipo, litakuja mahali pake. Jambo la pili ni kwamba mpaka jana mchana karatasi hizi hazikumtaja mtu mmoja, kwa sababu mjane alikuwa amekataza asitajwe, asikae viti vya mbele wala asishike udongo, na kaka yetu angezikwa leo kana kwamba mtu huyo hakuwahi kuwepo. Leo anatajwa, na ni mjane mwenyewe aliyesema, "Shemeji, soma yote, hata yanayonihusu mimi, usinipake mafuta, nitayasikia nikiwa nimekaa."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi mabehewa na mama mfua nguo, na kwa kuwa mama yetu alifulia mtoni, kaka yetu aliujua mto kabla hajaijua barabara. Alikuwa mtoto wa kuuliza mpaka anachosha. Siku moja alirudi kutoka kilimani akiwa amejaza mawe kwenye shati, mawe laini ya mviringo kama yale ya mtoni, akamuuliza mama yamefikaje juu kule ambako mto haufiki hata mafuriko yakija, na mama, mikono ikiwa kwenye povu, akamjibu, "Muulize aliyeyapandisha, mimi nina mashuka ya watu hapa." Basi tunaweza kusema maisha yake yote yalikuwa ni kutii agizo hilo la mama.

Alisoma shule ya msingi iliyo mkabala na tangi la maji kuanzia Januari 1959, akawa wa kwanza darasani miaka mitatu mfululizo, akanunuliwa viatu, na mdogo wake anakiri kuwa alimwonea wivu, akakificha kiatu kimoja juu ya kabati, kaka yetu akaenda shule wiki nzima peku bila kumsema mtu. Mwaka 1966 alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, akamaliza 1971, akaendelea na chuo cha miamba na madini, akahitimu tarehe 29 Novemba 1975, na picha ya siku hiyo ndiyo ile mnayoiona juu ya jeneza, suti si yake.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika ofisi ya uchunguzi wa ardhi, akapewa chumba cha mwisho kwenye ukumbi, chenye kabati la chuma lisilofungika na meza yenye mguu mfupi, mguu ambao aliuwekea jiwe la mto, na jiwe hilo lilikaa pale miaka thelathini na mitano mpaka alipostaafu nalo. Kazi yake, kwa namna alivyotueleza sisi tusiosoma, ilikuwa hivi: mto ukipita mahali unajitandika mchanga na kokoto, kisha ardhi ikiinuka kwa nguvu za chini kwa chini, mto unalazimika kuchimba na kushuka, na ule uwanda wa zamani unaachwa juu, umekauka, kama ngazi ya nyumba, ardhi ikiinuka tena, mto unashuka tena, ngazi nyingine inaachwa. Kwa hiyo ngazi ya juu ndiyo ya zamani zaidi, na mtu akijua ngazi iko juu kiasi gani na iliachwa lini, anajua ardhi imeinuka kwa mwendo gani, kama vile mzazi anavyompima mtoto kwa alama za mlangoni. Mto wake ulikuwa na ngazi tano. Urefu aliupima mapema, hiyo haikuwa shida, shida ilikuwa umri, kwa sababu mawe hayana cheti cha kuzaliwa. Kwa ajili ya kazi hiyo watu wakamwita Ngazi, na jina likamkaa hata nyumbani.

Mdogo wake, akiwa mtu wa sala, aliwahi kumuuliza kama haogopi kutaja maelfu ya miaka mbele za Mungu, naye akajibu kwamba Mungu havai saa ya mkononi, na kwamba yeye hatafuti kumhesabia Muumba siku zake, anatafuta tu kuona alivyofanya kazi bila haraka. Tangu hapo mdogo wake hakumsumbua tena, ingawa aliendelea kumwombea, kwa tahadhari.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa takatifu na mshonaji aliyekuwa na chumba chake cha cherehani ng'ambo ya kituo cha basi. Walijuana kwa suruali, maana kila kiangazi kikiisha marehemu alimpelekea suruali tatu au nne zilizotoboka magotini na si kwingine, mpaka mshonaji akamuuliza, "Kaka, wewe unatembea kwa magoti?" Akamjibu kwamba kazi yake ni ya kupiga magoti. Binti wa watu akaelewa kwamba huyu ni mtu wa maombi, akamkubali, na shemeji yetu amekuwa akisema miaka yote kwamba hajawahi kudanganywa kwa ukweli mtupu kama siku ile.

Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza, fundi umeme, aliyezaliwa 1981, wa pili, muuguzi, aliyezaliwa Agosti 1984, na kitinda mimba, dereva wa lori, aliyezaliwa 1990. Huyu wa pili alizaliwa kiangazi baba akiwa mtoni, akaonwa na baba yake akiwa ameshaanza kucheka, na hapo ndipo wivu ulipoota mizizi katika nyumba ile. Shemeji aliuita mto mke mwenza. Alikuwa akiwaambia wateja wake, sindano zikiwa mdomoni, "Mke mwenza wangu hapiki, hafui, hazai, na bado kila kiangazi zamu ni yake." Watu walicheka, na sisi mashemeji tulicheka kuliko wote, tusijue kwamba mwenzetu anatwanga maji machoni pa watu na moyoni anatwanga pilipili. Alinusa mashati ya mumewe, yakanuka tope, akakasirika kwa sababu yalinuka tope. Angekuwa mwanamke angemjua kwa manukato, lakini mto unaunusaje?

Mwaka 1994 ofisi ilimleta mtaalamu mwingine, mwanamke, mdogo kwa marehemu kwa miaka kumi, mrefu, mcheshi, asiye na mume, mwenye nyundo ya mawe iliyoning'inia kiunoni mchana kutwa, hata kantini, na kwa sababu hiyo akaitwa Nyundo. Huyu alikuja na elimu mpya. Alimfundisha marehemu kwamba chembe ya mchanga ikifunikwa ardhini, gizani, inajiwekea akiba, kidogo kidogo, ya nguvu inayotoka kwenye mawe ya jirani yake, na kadiri inavyokaa gizani ndivyo akiba inavyoongezeka. Lakini siku ikiliona jua, akiba yote inamwagika, inaanza upya kama mtoto mchanga. Kwa hiyo ukiutoa mchanga ndani ya ngazi bila kuuonyesha mwanga, ukaufikisha kwenye chumba chenye taa nyekundu hafifu, unaweza kuusoma na kujua ni lini uliliona jua mara ya mwisho, yaani lini mto uliuacha pale. Marehemu alirudi nyumbani siku hiyo akasahau kuvua viatu. Swali la mawe ya kilimani lilikuwa limepata mlango.

Penye mchanga mtupu kazi ilikuwa rahisi, unapigilia bomba la chuma ukutani, unaliziba, umemaliza. Penye kokoto bomba haliingii, na hapo hapana budi kujifunika kitu kisichopitisha mwanga hata chembe, watu wawili, mmoja amshikie mwenzake tochi nyekundu, mwingine akwangue kwa kijiko na kujaza mfuko mweusi. Mmoja peke yake hawezi, mikono haitoshi. Ndiyo maana Mei 1998 marehemu alimletea mkewe kitambaa kizito, akamwomba amshonee turubai jeusi la matabaka mawili, mishono ikunjwe mara mbili, kubwa la kutosha watu wawili. Shemeji alilishona siku nne yeye mwenyewe, akidhani ni la kufunika vifaa mvua ikinyesha, na mumewe, ambaye aliyajua mawe kuliko wake za watu akiwamo wa kwake, hakufikiria kumweleza.

Agosti hiyo mpishi wa kambi alikuja mjini kununua chumvi, akapitia kwa shemeji kumpelekea salamu, na salamu zilipokwisha akabaki amesimama mlangoni. "Mama, mimi sisemi kitu," akasema, "mimi ni mtu wa sufuria tu. Ila mchana kweupe bosi na yule mama wa nyundo wanajifunika turubai jeusi, wanakaa humo nusu saa, na nje inabaki miguu. Minne."

Ndugu zangu, kikulacho ki nguoni mwako, na cha shemeji kilikuwa kwenye nguo aliyoishona mwenyewe. Alifunga duka na sindano ikiwa bado kwenye pindo la mteja, akapanda lori la mchanga, akafika kambini siku ya pili akiwa mweupe kwa vumbi, akaonyeshwa njia ya kupanda ngazi ya tatu. Akaliona turubai lake limebandikwa kwenye ukingo kama popo mkubwa, mawe yamelikandamiza pembeni, buti nne zimetokeza chini, akasikia sauti ya mumewe ikisema polepole, "Taratibu, taratibu, usiharakishe," na mwanamke akicheka. Akalishika pindo alilolikunja mara mbili, akalivuta kwa nguvu zote, akapiga kelele, "Shuka la kuniibia mume nimelishona mwenyewe kwa cherehani yangu!"

Jua la saa saba liliingia lote. Ndani alikuwepo mumewe, kijiko mkononi, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, na Nyundo, tochi nyekundu imebanwa kwa meno, mikono yote miwili imeshika mfuko uliojaa nusu, na katikati yao kishimo ukutani kisichozidi ukubwa wa mkate. Nyundo aliitoa tochi mdomoni, akautazama mfuko, akasema bila hasira, "Dada, hapo umefuta maelfu ya miaka kwa mkono mmoja, na mumeo hajanigusa hata kidole." Marehemu hakugomba. Aliutazama mchanga ule, akasema, "Basi," akakaa chini. Ukingo mzima wa ngazi ya tatu ulikuwa kokoto tupu, kipande kile kidogo ndicho kilichokuwa na mchanga wa kusomeka, walikuwa wamekitafuta kwa viangazi vitatu, na kilikuwa kimekwisha. Shemeji amesema angepigwa kofi angelisahau, lakini ile "basi" aliisikia kwenye mlio wa cherehani miaka mingi.

Na angeishia hapo tungesema ni aibu ya kuchekwa tu, lakini wivu ni moto wa makumbi ya nazi, ukizimwa juu unaendelea chini. Haya inayasoma familia kwa idhini yake: Oktoba mwaka ule shemeji alikwenda kwa mkuu wa ofisi, akamweleza miguu minne, asimweleze kijiko, na mkuu, ambaye hakutaka maneno ofisini kwake, akamhamishia Nyundo kwenye maabara ya mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Nyundo aliaga ukumbi mzima kwa kumshika kila mtu mkono, akaondoka na nyundo yake. Marehemu akabaki na ngazi tatu alizojua umri au kuukaribia, ile ya juu kabisa bado, na pengo katikati, na turubai la watu wawili akiwa mmoja.

Aliomba msaidizi, akaambiwa subiri. Akamwomba mkewe, akasema, "Basi njoo wewe unishikie tochi," na mkewe akajibu kwamba yeye na mchanga ni wapi na wapi, ana nguo za harusi za watu. Ukweli alioutoa juzi ni kwamba aliona aibu kurudi mahali pale. Ikapita miaka sita.

Machi 2004 mafuriko yaliubomoa ukingo wa ngazi ya tatu, na ndani yake, nyuma ya kokoto, kikaonekana kipande kingine cha mchanga, na marehemu alikuja nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyefufuliwa ndugu, lakini hakuomba tena. Shemeji anasema alikuwa anapiga pasi. Aliiweka pasi chini, akaenda nyuma ya kabati, akalitoa turubai, akalikung'uta uani, akasema, "Tunaondoka lini?"

Tarehe 17 Julai 2004 waliingia chini yake, yeye na mumewe, na humo akakuta joto, vumbi puani, siafu miguuni, jiwe linalochoma goti, na akatuambia aliporudi, "Jamani, humo ndani mtu hapati nafasi ya kupiga chafya, seuze kutenda dhambi." Tulicheka tukadhani wivu umekwisha, kumbe ndipo ulipokomaa. Kwa maana katika ule mwanga mwekundu alimwona mumewe kama hajawahi kumwona, anapumua polepole, anaukwangua mchanga chembe kwa chembe, anausemesha kwa kunong'ona kama mtu anayemwamsha mgonjwa, na mara moja moja akisimama kumsikiliza yeye, kama tochi imesogea, kama mkono umechoka. Kabla ya hapo aliwahi kudhani wale wawili walikuwa wakifanya ubaya. Sasa alijua kwamba walikuwa wakifanya jambo zuri kuliko ubaya wowote, kwamba mwanamke mwingine alipewa miaka minne ya utulivu ule kabla yake, na wivu huo, tofauti na ule wa kwanza, haukuwa na mahali pa kupelekwa mashtaka.

Mchanga ulikwenda kwenye maabara ya Nyundo, hapakuwa na chumba kingine chenye taa nyekundu, na Februari 2005 Nyundo alipiga simu ofisini akasema ngazi ya tatu ina miaka elfu tisini na mbili, kisha akauliza aliyeshika tochi ni nani, maana mchanga umefika safi, haukuonja hata cheche. Marehemu alipomtajia, Nyundo akasema, "Mwambie hongera." Ngazi hiyo ilikuwa mita arobaini na sita juu ya mto, na kwa hesabu yake ardhi ilikuwa imeinuka nusu milimita kila mwaka, unene wa ukucha, mwaka mzima ukucha mmoja. Na kwa kuwa pengo limezibwa, ikaonekana kwamba ardhi haikuinuka kwa mwendo mmoja, iliinuka, ikatulia muda mrefu hata watu wangeweza kudhani imekufa, kisha ikainuka tena kwa kasi zaidi, na bado inainuka, hata sasa tulivyokaa. Wahandisi wa daraja jipya walikuja kumuuliza, wakasogeza nguzo zao. Salamu ya hongera shemeji aliipata, akaimeza. Neno la samahani halikutoka, si mwaka huo wala miaka iliyofuata, ingawa kila kiangazi alikwenda na tochi yake.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2011, akapanda bustani, akawa mzee wa kanisa mwaminifu asiyependa mikutano mirefu. Ngazi ya tano, ya juu kabisa, haikupata umri. Mvua za 2022 zilichimba korongo pale juu, mchanga ukaonekana, lakini moyo wake haukumruhusu tena kupanda.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Machi 2021, alipoanguka kwenye ngazi za nyumba yake, akasema mwenyewe akiwa chini kwamba hizo za saruji hakuzifanyia utafiti. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi hospitali tarehe 28 Agosti mwaka huu, 2023, akalazwa kitanda cha dirishani, na mkewe alilala kwenye kiti kando yake usiku na mchana. Jumanne tarehe 12 Septemba Nyundo alifika kwa basi kumjulia hali. Mkewe alikuwa ameshuka dirisha la dawa, foleni ikawa ndefu, na alipopanda aliwakuta, yule ameinama sikioni, mgonjwa anatabasamu. Nyundo aliinuka akaaga. Mgonjwa alifumba macho, hakuzungumza tena, na Jumatano tarehe 13, saa nne asubuhi, Bwana alimchukua.

Karibu miaka arobaini na minne ya ndoa, na neno la mwisho likaenda kwa mwingine. Hili ndilo lililokuwa nyuma ya yale makatazo. Nyundo alikuja msibani Jumatano jioni, akafungiwa mlango, Alhamisi akafungiwa tena, na shemeji alisema mbele yetu, "Alinichukulia viangazi, akanichukulia na la mwisho. Hata maiti atataka wagawane?" Wala hakuna kati yetu aliyemwambia, "Taratibu, shemeji," tunakiri, tulimwogopa.

Jana, Ijumaa, Nyundo hakuja mlangoni. Alipitia uani, akakunja mikono ya nguo, akakaa na akina mama waliokuwa wanaosha masufuria, akaosha. Shemeji alitoka akamkuta.

"Umefuata nini tena? Kimebaki nini cha kuchukua?"

Nyundo hakuinuka, mikono ilikuwa na sabuni. "Nimeleta cha kwako, dada, kilibaki kwangu. Alisema hivi: Mwambie mshonaji turubai limechakaa, linapitisha mwanga. Ashone jingine kabla ya kiangazi. Mishono mara mbili, kama lile la kwanza."

"Mwongo! Lile nalikagua mwenyewe kila mwaka."

"Likague."

Akaingia ndani kwa hasira, akalitoa nyuma ya kabati, akalitundika dirishani, akasimama gizani nyuma yake. Matundu yalikuwa mengi, madogomadogo, kwenye mikunjo, mwanga ukipenya kama nyota. Alikaa humo mpaka tukaanza kutazamana. Alipotoka alisema, kwa sauti ambayo hatukuizoea, "Siku zote hizi mbona hukuniambia?"

"Ulifunga mlango, dada."

"Na ile ya mkuu wa ofisi, ulijua ni mimi?"

"Nilijua siku ileile."

Shemeji akavuta kigoda, akakaa naye kwenye masufuria, na samahani ya miaka ishirini na mitano ikatolewa pale, juu ya maji machafu, sisi wanaume tukajifanya tunapanga viti. Alasiri nyumba ya msiba ikasikia cherehani. Walionong'ona kwamba mjane amechanganyikiwa, sasa wanajua alikuwa anashona nini.

Turubai la zamani ndilo lile pale nje, chini ya sehemu ya udongo unaoota jua, udongo uliozidi umetandazwa kwenye nyasi. Ameagiza kila chembe itakayomfunika mumewe ilione jua kwanza, imwage akiba yote ya zamani, ili siku yoyote mbele, hata baada ya maelfu ya miaka ya Mungu, mtu akija na tochi nyekundu kuuliza udongo huu ulifunikwa lini, usidanganye, ujibu kwamba ni leo. Turubai jipya litapanda ngazi ya tano kiangazi kijacho, na Nyundo atakwangua, na shemeji atashika tochi, kwa sababu, kwa maneno yake, "Siwezi kumwachia peke yake, hata mto wenyewe siuamini bado."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliovumilia mgonjwa aliyewauliza mchanga wa ujenzi wa hospitali ulitoka wapi. Majirani waliotupa maji, viti na mabega. Mchungaji na waumini kwa sala. Wafanyakazi wa ofisi ya uchunguzi wa ardhi, wa sasa na wastaafu, na mpishi wa kambi, aliyekuja pia, tunamshukuru na kumsamehe. Wa mwisho kwenye orodha ya wenzake wa kazi ndiye aliyekuwa hayumo kabisa, na mjane anamwomba ainuke hapo alipo nyuma, aje huku mbele, kiti kimewekwa, na atashika udongo pamoja naye.

Kaka, kazi ya gizani uliipenda, nawe sasa umeingia humo peke yako, hakuna wa kukushikia tochi. Lakini yupo Mmoja atakayelifunua turubai siku Aliyoipanga, kwa mkono Wake, jua lote likaingia, na safari hiyo hakuna kitakachoharibika. Mpaka hapo, pumzika, Ngazi, kwa amani.